Ndoa Moja, Serikali Mbili

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Buyenzi, Bujumbura





 Nimeombwa nizungumze juu ya uwezo wa serikali na sheria zake katika pande mbili za mpaka wetu, yaani upande huu wa Burundi na upande wa Kigoma katika Tanzania. Jambo hili ni pana mno, na mtu akitaka kulieleza lote itampasa akeshe. Kwa hiyo nimechagua mlango mmoja tu, nao ni mlango wa nyumba zetu: ndoa, talaka na mirathi. Hapo ndipo sheria ya serikali inapomfikia hata mtu ambaye hajapata kukanyaga mahakamani maisha yake yote.

Neno langu lenyewe ni fupi. Nikaha iliyotimiza nguzo zake ni nikaha mbele ya Mungu, iwe imefungwa Ujiji, Uvira au Buyenzi, mpaka hauigusi. Ama haki ambazo serikali humpa mume, mke na mtoto kwa sababu ya nikaha ile, hizo hubadilika pale pale penye mpaka. Mume akighafilika na jambo hili huenda asilione dhara lake kamwe, kwa kuwa atakuwa amekwisha kufa. Watakaoliona ni mjane wake na mayatima wake.

Kwanza yafaa tujue namna tulivyogawanyika. Zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, Ujiji na Usumbura zilikuwa chini ya serikali moja, na Kiswahili kilitumika katika kazi za serikali ile. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Ruanda na Urundi, yakashuka mpaka Kigoma na Ujiji, na mwezi wa Septemba 1916 yakaitwaa Tabora. Vita vilipokwisha, wakubwa wa Ulaya walikaa wakagawana. Makubaliano ya tarehe 30 Mei 1919, yanayojulikana kwa majina ya Milner na Orts walioyajadili, yaliwaachia Wabelgiji Ruanda na Urundi. Waingereza wakachukua Tanganyika pamoja na Kigoma. Kisha mwaka 1921 Wabelgiji walipewa sehemu zao za bandari katika Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili shehena zao zipate njia ya kufika baharini. Hivyo shehena zilipata mkataba wake. Nikaha na mirathi za ndugu waliobaki pande mbili, kila serikali ilizitazama kwa desturi yake.

Na desturi zenyewe zilikuwa mbali mbali. Waingereza walikuwa wamezoea kuiacha sheria ya Kiislamu itumike katika mambo ya nafsi ya Waislamu, na katika miji ya pwani walikuwako maliwali na makadhi wa kuyaamua. Wabelgiji walikuja na desturi ya kitabu kimoja cha sheria, ambacho ndani yake ndoa ni jambo la serikali, hufungwa mbele ya afisa wa serikali na kuandikwa katika daftari la serikali. Waswahili wa Usumbura nao waliwekwa katika mitaa iliyokuwa nje ya mamlaka ya machifu wa mila, na Buyenzi hii ni mmoja wapo.

Wazee wetu wa kike walionja uchungu wa daftari lile. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kibelgiji iliwatoza kodi wanawake wa mji huu iliowahesabu kuwa wanakaa peke yao bila mume. Jina la kodi ile lilikuwa na harufu ya aibu. Maana waliotiwa katika hesabu moja ni wajane, walioachwa, na wake wa nikaha ambao serikali haikuwatambua, wote wakichanganywa na wanawake wenye kuuza miili yao. Wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi waliikataa kodi ile na kuipinga hadharani. Si fedha tu iliyowaudhi. Waliudhika kwa kuitwa jina lisilo lao. Tuwaheshimu kwa ujasiri wao, na tushike funzo lake: serikali isipokuwa na jina lako sawasawa katika daftari lake, itakupa jina ilitakalo yenyewe.

Baadaye Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Bendera zilibadilika, lakini njia mbili za sheria ziliendelea, kila moja ikajengwa juu ya msingi ulioukuta. Sasa tuzitazame jinsi zilivyo.

Upande wa Tanzania Bara, mambo haya hutawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo hukubali kwamba ndoa yaweza kufungwa kwa njia ya serikali, kwa njia ya dini, au kwa mila. Nikaha ya Kiislamu ni ndoa halali ya serikali yenyewe, ikifungishwa na mtu aliyepewa idhini hiyo na ikaandikishwa. Wala bwana na bibi hawalazimiki kufunga ndoa nyingine ofisini. Tena nikaha hiyo huhesabiwa kuwa ndoa inayoruhusu zaidi ya mke mmoja, isipokuwa kama itathibitishwa vinginevyo. Na mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, sheria huchukulia kwamba wameoana, mpaka atokee mtu athibitishe kuwa sivyo.

Upande huu wa Burundi, tunayo Sheria ya Watu na Jamaa ya mwaka 1993. Katika sheria hiyo ndoa ni ile iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali anayeandikisha ndoa katika komini. Mke ni mmoja tu. Mume hana ruhusa ya kumwacha mkewe kwa kutamka. Ndoa huvunjwa mbele ya mahakama. Nikaha tunayoifunga msikitini, ijapokuwa ina walii, mashahidi na mahari, machoni pa sheria hiyo ni ibada njema isiyo na nguvu ya cheti. Mwaka 2017 serikali ilitoa amri kwamba wote wanaokaa pamoja bila ndoa ya serikali waihalalishe kabla mwaka ule kwisha; na katika walioamriwa walikuwamo watu ambao mbele ya Mungu walikuwa wameoana tangu zamani.

Majirani zetu wa pande nyingine wamo katika njia hii hii. Katiba ya Rwanda hutambua ndoa ya serikali ya mke mmoja peke yake, na Kongo, kwa Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, imekataza mume kuoa mke wa pili juu ya wa kwanza. Basi mtu wa Buyenzi akivuka kwenda Uvira hakuti sheria ngeni sana. Akipanda boti kwenda Kigoma, ndipo anapoingia katika nyumba nyingine ya sheria.

Ndugu zangu, sasa natoa mfano, nao ni mfano tu, asidhani mtu kuwa nasimulia habari ya jirani yake. Mtu ana duka hapa Bujumbura na nyumba Kigoma. Ameoa kwa nikaha hapa Buyenzi, akaishi na mkewe miaka ishirini, wakazaa watoto wanne. Hakwenda komini hata siku moja, kwa kuwa alisema moyoni, nimeoa kwa sheria ya Mungu, yanitosha. Akafa. Ndugu zake wakaja dukani wakafunga mlango. Mjane akaenda mahakamani, akaulizwa cheti cha ndoa, akajibu kwamba msikiti mzima ni shahidi wake. Naam, msikiti mzima ni shahidi. Lakini mahakama ilikuwa imeuliza cheti.

Mjane akajipa moyo, akasema, nitakwenda Kigoma, huko wanaijua nikaha. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo naomba msikilize kwa makini. Sheria ya Tanzania, inapoletewa ndoa iliyofungwa nchi nyingine, huuliza kwanza kama ilifungwa kwa namna inayokubaliwa na sheria ya nchi ile ilikofungwa. Nikaha iliyofungwa Buyenzi bila afisa wa komini haitajibu vema swali hilo. Huenda mjane akapata msaada kwa ile kanuni ya kukaa pamoja miaka miwili, lakini ataipata kwa mabishano, kwa wakili na kwa gharama, hali yumo katika eda na watoto wanataka chakula. Kama mumewe angalitenga asubuhi moja akaenda komini, haya yote yasingalikuwapo.

Mfano wa pili ni wa mwanamume aliyeandikisha ndoa yake hapa kwa serikali, nayo ni ndoa ya mke mmoja, kisha akaenda Kigoma akaoa mwingine, akifikiri kwamba kule nikaha yaruhusiwa na hakuna amjuaye. Sheria ya 1971, katika kifungu cha 15, humkataza mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ingali ipo. Basi mke yule wa Kigoma, ambaye pengine hakuambiwa lolote, atajiona ana cheti mkononi, na cheti chenyewe hakina msingi. Siketi hapa kubishana juu ya idadi ya wake. Hukumu ya dini masheikh wetu wanaijua kuliko mimi. Nasema hili tu: Mungu aliyeruhusu ameshurutisha uadilifu, na hapana uadilifu katika kumweka binti wa watu mahali ambapo, ukifa, hatakuwa mke wa mtu yeyote.

Ama talaka, hapa pande mbili zimekaribiana kuliko tunavyodhani. Burundi haitambui talaka ya kutamka. Tanzania nako, mtu hapati talaka ya serikali mpaka shauri lipitie kwanza katika baraza la usuluhishi, kisha lifike mahakamani. Waislamu wamehifadhiwa kwa njia hii: baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na ikaonekana kuwa limefanyika jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu limeivunja ndoa yao, mahakama itatoa hukumu ya kuivunja. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba akimwacha mkewe kwa karatasi iliyotumwa kwa dereva wa lori amemaliza. Mwanamke aliyeachwa hivyo, akimaliza eda akaolewa tena, dini itamwona yu katika ndoa mpya, na serikali itamwona angali katika ya zamani. Watoto watakaozaliwa watachukua mzigo wa mkanganyo huo.

Tena mjue kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Hukumu hiyo ilikuwa kati ya Waislamu, na tangu hapo imetajwa mara nyingi mahakamani. Mwenye mke na mali upande ule asidhani kuwa jasho la jikoni halihesabiwi.

Natoka hapo naingia katika mirathi. Sisi twajua mafungu yetu: mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha, mtoto wa kike ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, deni hutangulia, na wasia haupiti theluthi. Upande wa Tanzania Bara, Mahakama za Mwanzo zina uwezo wa kusimamia mirathi kwa sheria ya Kiislamu, ikionekana kuwa marehemu aliishi kwa sheria hiyo. Upande wa Burundi, mirathi kwa miaka mingi imeachwa mikononi mwa mila, bila kitabu cha sheria cha kuipanga, na katika mila hiyo binti amekuwa akipata kidogo au kukosa kabisa, hasa katika ardhi. Angalieni basi jambo la ajabu: Mwislamu ambaye dini yake imempa binti fungu lililotajwa, akifa bila maandishi upande huu, binti yake aweza kurudishwa katika hali ya mtu asiye na fungu.

Na ardhi ina mlango wake peke yake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi mtu asiye raia haki ya kumilikishwa ardhi, ila kwa ajili ya uwekezaji. Jamaa zetu wengi wana uraia uliogawanyika. Wamo waliokimbilia kule mwaka 1972, na Tanzania baadaye iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa wakati ule. Wamo watoto wao waliozaliwa kule, na wamo ndugu zao waliobaki hapa. Baba akiacha kiwanja Kigoma, mtoto mmoja raia wa Tanzania na mwingine raia wa Burundi, fungu la kila mmoja katika dini lajulikana, lakini hati ya kiwanja haitamkubali kila mmoja. Jambo hili lataka kupangwa baba angali hai, kwa ushauri wa mwanasheria, na kwa mapatano ya ndugu wenyewe, ili yule ambaye jina lake haliwezi kuingia katika hati apate haki yake kwa thamani.

Wako watakaosema: dawa ni kupata mahakama ya kadhi, kama wenzetu. Ni kweli, Kenya inazo, na Katiba yake ya mwaka 2010 imezithibitisha kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Lakini mizizi yake ni mirefu: yatoka katika mapatano ya mwaka 1895, wakati Sultani wa Zanzibar alipowapa Waingereza utawala wa mwambao wake, na katika mapatano ya Oktoba 1963 kabla Kenya haijapata uhuru. Zanzibar nayo ina makadhi wake kwa sheria. Tanzania Bara hata mswada uliokusudiwa kuwatambua makadhi uliondolewa bungeni mwaka 2015. Kuomba ni haki yetu, wala simkatazi mtu. Ila mjane wa mwaka huu hawezi kungoja kadhi wa miaka ijayo.

Wala tusidhani kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki imeliondoa tatizo hili. Burundi iliingia mwaka 2007, na mapatano ya Soko la Pamoja yalianza kazi mwaka 2010. Yamerahisisha safari na biashara, lakini ndoa na mirathi zimebaki chini ya sheria ya kila nchi. Kwa kweli mapatano hayo yamelizidisha jambo letu, maana sasa watu wanavuka zaidi, wanaoana zaidi, na kuchuma mali pande zote mbili.

Basi tufanye nini? Nina mashauri matano.

La kwanza: kila nikaha inayofungwa hapa iandamane na ndoa ya komini. Nawasihi masheikh wetu na maimamu, kabla ya kufungisha, waulize: mmekwenda komini? Swali hilo moja litaokoa nyumba nyingi.

La pili: aliyeoa Kigoma kwa nikaha ahakikishe kwamba aliyefungisha alikuwa na idhini, achukue cheti chake, na akirudi hapa akipeleke komini aulize namna ya kukiandikisha.

La tatu: wazazi na mawalii wa upande wa Kigoma, wakiletewa posa kutoka ng'ambo, wasione haya kuuliza kama bwana huyu ana ndoa ya serikali kwao, na ya namna gani. Uungwana hauvunjwi kwa kuuliza.

La nne: talaka ikitokea, na Mungu atuepushe, ifikishwe mahakamani upande ule ilikoandikishwa ndoa.

La tano: mwenye mali aandike. Aandike madeni yake, hati zake, majina kamili ya mkewe na ya watoto, na namba za vyeti vyao. Nakala moja ikae hapa, nyingine kwa mtu mwaminifu upande wa pili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua wamo wanaoona kwamba kwenda komini ni kuidharau nikaha, kana kwamba neno la Mungu halitoshi mpaka litiwe muhuri wa serikali. Naiheshimu ghera yao. Lakini wakumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Sura al-Baqara, ni ile inayoamuru kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la siku chache limeamriwa maandishi, je, amana ya mke na watoto, ambayo itadumu baada ya mtu kuzikwa, haistahili zaidi? Karatasi ya komini haiongezi kitu katika nikaha. Ni ngao ya mnyonge mbele ya mtu asiyemwogopa Mungu, na huyo hupatikana katika kila ukoo.

Mipaka hii hatukuichora sisi, wala hatuna uwezo wa kuifuta. Ziwa Tanganyika litaendelea kutuunganisha, na serikali zitaendelea kutuandika kila moja katika daftari lake. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba daftari zote mbili zinasema kweli: huyu ni mke wa fulani, na hawa ni watoto wake.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awalinde wajane na mayatima wetu pande zote za mpaka, na atujaalie tuwe watu wa kutimiza amana.